Shamba la Wimbi Pale Maili Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa birika. Karani wa mapokezi katika ofisi ya ardhi ya Homa Bay alinitazama nilivyosimama mlangoni na barua yangu ya ajira, akaona gauni na viatu vya kuazima, akaamua mambo bila kumuuliza mtu. "Jikoni ni kule nyuma," akasema. Nikaenda. Nikachemsha chai, nikawagawia mabwana saba, na nilipofika meza ya mwisho, ya Mchoraji Mkuu, nikaweka kikombe na barua pamoja. Aliisoma mara mbili. Kisha akainuka, akachukua birika mkononi mwangu, akaenda kumkabidhi yule karani.

"Kuanzia leo chai utaleta wewe," akamwambia. "Dorsila ni mchoraji wa ramani."

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na wilaya yetu ilikuwa moja kubwa, Nyanza Kusini, kutoka visiwani hadi mpaka wa Tanzania, makao yake Homa Bay. Nyinyi mnaochora kwa kompyuta hamtaamini kazi ilivyokuwa. Mpima alirudi kutoka uwanjani na daftari lililojaa tarakimu, nasi tukazigeuza kuwa mistari. Ramani ya asili haikuguswa. Juu yake ulitandaza kitambaa cha kunakilia, kitambaa chembamba kilichopakwa wanga hata kikapenyeza mwanga, ukafuatisha kila mstari kwa kalamu ya chuma na wino mzito mweusi. Tone moja la maji liliharibu kazi ya wiki. Na Homa Bay, kama mnavyoijua, joto la mchana halina huruma. Tulifunga taulo kwenye vifundo vya mikono. "Jasho lako likidondoka hapo," Mchoraji Mkuu alinionya, "umeumba ziwa ambalo Mungu hakuliumba."

Niliipenda kazi ile tangu wiki ya kwanza. Nilipenda ukimya wake, na nilipenda kwamba kijiji ambacho sijawahi kukanyaga kilikuwa kinatokea chini ya vidole vyangu.

Miezi michache baadaye akaletwa Mthamini wa Wilaya, bwana mmoja kutoka Voi, mwenye Kiswahili kitamu ambacho sisi wa huku tulikifungulia midomo. Mthamini kazi yake ni kusema ardhi ina thamani gani. Serikali ikihitaji shamba la mtu kwa ajili ya shule au barabara, inaweza kulitwaa hata mwenyewe asipotaka. Huo ndio utwaaji wa lazima. Lakini haitwai bure. Lazima ilipe fidia, na mthamini ndiye husimama katikati ya serikali na mwenye shamba akitafuta bei ya haki.

Alihitaji mtu wa kumchorea michoro ya mashamba papo hapo uwanjani, na wanaume wa ofisi walikuwa wamebanwa na kazi. Akanitaka mimi. Dereva wa Landrova akauliza mwanamke ataketi wapi.

"Mbele," akajibu Bwana Mthamini. "Mimi napenda upepo wa nyuma."

Katika safari zile ndimo nilimosomea. Tukipita Rongo, tukipita mashamba ya miwa na karanga, alikuwa akiinama kutoka kiti cha nyuma na kunipigia kelele masikioni. "Dorsila! Ardhi ina bei mbili. Bei ya kinachoota juu yake, na bei ya kinachoweza kusimama juu yake. Mthamini mvivu huhesabu migomba akaenda zake nyumbani."

Hiyo bei ya pili ndiyo tuliyoiita thamani ya matarajio. Shamba lililo mbali porini ni shamba tu. Lakini shamba lililo kando ya senta ya maduka, mahali ambapo halmashauri ingeweza kabisa kuruhusu maduka, mnunuzi mwenye akili hulilipia zaidi ya mahindi yake. Mwenye shamba akinyang'anywa tumaini hilo bila malipo, ameibiwa, hata kama hajui.

Na palikuwa na sharti. "Tukishatangaza barabara mpya, kila mtu ataona maduka kila mahali," alisema. "Hayo ni matarajio yaliyoletwa na mradi wetu wenyewe, na hayo hatulipi. Kwa hiyo ukifika shambani, ifute barabara mpya kichwani. Kisha jiulize, hapa pangekuwa nini?"

Basi ikaja kazi ya Maili Saba. Hiyo ilikuwa senta ndogo kati ya Migori na Isebania, maduka manne na mti wa kufungia ng'ombe siku ya soko. Barabara ya zamani ilipita hapo tayari, ya vumbi na mashimo. Sasa ilipangwa kunyooshwa, na kando yake uwekwe uwanja mkubwa wa maroli yanayotoka na kuingia Tanzania. Mashamba kadhaa yalikuwa yatwaliwe. Notisi ilibandikwa kwa chifu, siku ya ukaguzi ikatajwa, nasi tukaenda.

Shamba la kwanza lilikuwa la Mzee Maroa, Mkuria mrefu ambaye kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona. Katikati ya mahindi yake ilisimama nyumba mpya ya miti na mabati, na juu ya mlango kibao kimeandikwa HOTELI. Mahindi yalibana kuta pande zote. Hapakuwa na njia ya mteja kupita ila ile tuliyokuwa tunaikanyaga sisi. Ndani walikaa watu sita, kimya kabisa, kila mmoja na kikombe mbele yake.

"Karibuni hotelini," Maroa akasema. "Biashara iko mingi sana, mnaona wenyewe."

Bwana Mthamini aliegemea mwimo wa mlango, na alipojiondoa, mkono wa shati lake jeupe ulikuwa na mstari wa kijani. Akaketi, akaagiza chai. Mimi nikamuuliza mteja aliyekuwa karibu nami andazi moja ni bei gani. Akamtazama Maroa. Maroa akatazama paa.

"Inategemea," mteja akasema.

Nikainua kikombe changu, na chini yake nikaona alama ya kanisa la senta. Vikombe vyote sita vilikuwa hivyo hivyo.

"Mzee," Bwana Mthamini akauliza kwa upole, "hoteli hii ina umri gani?"

"Bwana mkubwa, rangi yenyewe haijakauka. Nitakudanganya namna gani?"

Aliyeanza kucheka ni yeye Maroa. Kisha wateja, ambao walikuwa shemeji zake na jirani zake, wakacheka hata mmoja akamwaga chai. Bwana Mthamini alicheka akifuta machozi kwa upande wa mkono usio na rangi. Baadaye akamweleza taratibu kwamba kilichojengwa baada ya notisi hakihesabiwi, na kwamba nyuma ya mahindi yale kulikuwa na bonde la maji ambalo halmashauri isingeruhusu mtu kujenga. Angelipwa kwa shamba zuri la mahindi, na kwa haki. Maroa akakubali bila kinyongo. Chai tulilipia.

Shamba la pili lilikuwa ng'ambo ya barabara, penye njia panda, pale ambapo njia ya kutoka milimani hukutana na barabara. Mwenyewe alikuwa mjane aliyeitwa Mama Robi. Tulimkuta akipalilia wimbi, na hakuacha jembe mpaka amalize mstari.

"Andika," akaniambia hata kabla sijakaa. "Andika wimbi. Andika viazi vitamu ile pande ya chini. Migomba iko nane, moja imeanguka, hiyo usiandike."

"Mama, una dai lingine lolote?" Bwana Mthamini akamuuliza.

"Dai gani? Serikali inataka barabara, watu wanataka barabara. Mnipe ya kununua shamba lingine, nilime. Nimechoka tu kuhama, hiyo ndiyo sitaki."

Nilichora. Nilipofika kona ya shamba nikamkuta mbuzi wake amefungwa kwenye kigingi. Kilikuwa cha chuma, kimegongomelewa namba kichwani. Nikasimama. Vigingi vyote vya mradi wetu vilikuwa vya mti, vimepakwa chokaa, na namba zake nilizijua kwa moyo kwa sababu nilizinakili mwenyewe. Hii haikuwemo.

"Mama Robi, hiki kigingi kimetoka wapi?"

"Hiyo? Ya watu wa halmashauri. Walikuja zamani, mzee wangu akiwa bado hai. Wakapima, wakapima, wakakunywa uji, wakaenda. Imenisaidia kufunga mbuzi."

Njia nzima ya kurudi sikuyasikia mashimo. Watu hawapigi vigingi vya chuma kwa mchezo. Kama halmashauri ilipima shamba lile zamani, kabla ya mtu yeyote kutaja barabara mpya, basi palikuwa na mpango, na mpango huo ulikuwa umelala mahali fulani.

Ulikuwa umelala katika stoo ya halmashauri hapa hapa Homa Bay, chini ya kinyesi cha popo. Mtunza stoo alinipa ufunguo na kunitakia heri. Nilikaa humo siku mbili nzima, leso puani, nikifungua ramani moja moja. Mchana wa siku ya pili nikakunjua karatasi iliyoliwa na mchwa kona moja, nikasoma: Senta ya Maili Saba, mpango wa kupanuliwa. Maduka manne yalikuwa na mistari mizito. Kutoka hapo, kwa mistari ya nukta nukta, ploti za kujengea zilivuka njia panda zikaingia moja kwa moja katika wimbi la Mama Robi. Na namba ya kigingi ilikuwa pale pale, kwenye kona ya mbuzi.

Nilipiga chafya wiki nzima. Lakini Bwana Mthamini alipoiona ramani aliipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Huyu mama hakudai kitu," akasema, "kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kumdaia."

Haikuwa rahisi. Orodha ya fidia ilikuwa imeshapelekwa Kisumu kwa Mthamini Mkuu wa Mkoa, naye alishaandika kwamba mashamba yote ya Maili Saba yalipwe kwa bei ya kilimo. Bwana Mthamini akampelekea nakala ya ramani. Jibu likaja kwa mstari mmoja: mistari ya nukta si ploti. Mkuu angekuja mwenyewe kuongoza kikao cha fidia. Pamoja na jibu hilo palikuwa na barua yangu. Mchoraji Dorsila ajieleze kwa maandishi kwa nini aliacha meza yake siku mbili kwenda kupekua stoo ya ofisi nyingine.

Nilikuwa bado katika muda wa majaribio. Mshahara wangu ulikuwa unasomesha wadogo zangu wawili. Nilianza kuandika lile jibu mara nne, na kila mara nikaona naomba msamaha kwa jambo ambalo sikulijutia. Nikalichana.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kanisa la senta, watu wamejaa mpaka madirishani. Mthamini Mkuu alikuwa mtu mkavu, mwenye miwani na sauti ndogo. Hakuwa mbaya. Alipenda tu faili zifungwe. Alisoma majina, akasoma bei, wenye mashamba wakakubali mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama Robi, Bwana Mthamini akasimama na ramani.

"Ramani hii haikupitishwa," Mkuu akasema.

"Wala haikukataliwa, bwana. Fedha ziliisha, kazi ikasimama. Swali letu ni kama ruhusa ya kujenga ingeweza kutolewa hata bila barabara mpya."

"Nani ameipata?"

Ukumbi mzima ulinigeukia kabla sijafungua mdomo. Nikainuka.

"Mimi, bwana."

"Wewe ni mpima?"

"Hapana, bwana. Mimi ni mchoraji."

"Basi niambie, mchoraji. Mstari wa nukta una maana gani?"

Hilo nilikuwa nalijua kuliko mtu yeyote mle ndani. "Una maana ya kitu ambacho hakijakuwepo lakini kimekusudiwa, bwana. Kisichokusudiwa hatukichori kabisa."

Watu wakanong'ona. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akamgeukia Mama Robi. "Mama, kabla ya habari za barabara hii, kuna mtu aliyewahi kukuomba kipande cha hapo njia panda?"

"Kuomba wameomba," Mama Robi akajibu. "Mimi nilikataa. Ile mashine ya posho inapiga kelele, nitalala saa ngapi?"

"Mashine ya nani?"

"Yangu," akasema mtu nyuma, na hakuhitaji kujitambulisha, kwa maana nywele na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. "Nilimwomba mara tatu. Pale ndipo watu wa mlimani wanapita na mahindi yao. Nikampelekea na barua, ya halmashauri kukubali nijenge kama mwenyewe akikubali. Ninayo nyumbani."

Mara Mzee Maroa akasimama. Mkuu alikuwa ameshasimuliwa habari za hoteli, akamkazia macho.

"Mimi najua mnanicheka," Maroa akasema. "Lakini sikilizeni. Mwaka ule mwingine, barabara hii haijatajwa, nilimwendea huyu mama nikamwambia, nipe pale pembeni niweke hoteli. Akanifukuza na jembe. Mnafikiri ningejenga hoteli katikati ya mahindi kama ningepata pale?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mama Robi alikuwa anatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, na jembe. Nikatazama meza ya mbele, na Mthamini Mkuu wa Mkoa alikuwa ameinamisha uso kwenye faili, mabega yakimtikisika.

Kikao kiliahirishwa mpaka barua ya mwenye mashine iletwe. Ilikuwa ya kweli, na tarehe yake ilitangulia mradi. Mkuu akaamua. Hakumpa Mama Robi bei ya ploti iliyo tayari, na hapo alikuwa na haki, kwa sababu ruhusa haikuwa imetoka kamili, na kuzifungua ploti kungechukua miaka na gharama. Alimpa bei ya shamba, akaongeza thamani ya lile tarajio, baada ya kupunguza kidogo kwa ajili ya kungoja na kwa ajili ya shaka. Kisha nyongeza ya usumbufu ambayo kila anayehamishwa hustahili. Ilikuwa mara kadhaa ya bei ya wimbi.

Bwana Mthamini alimweleza kwa maneno mepesi. Mama Robi akasikiliza, akageuka kutazama dirishani, upande wa njia panda.

"Kumbe miaka hii yote," akasema polepole, "nilikuwa nalima mji."

Tulipokuwa tunatoka, Mthamini Mkuu akanisimamisha mlangoni. "Nilikuandikia barua ujieleze."

"Ndiyo, bwana."

"Usiijibu. Umeshajieleza." Kisha, akivaa kofia yake, "Mwezi ujao utakuja Kisumu. Ofisi yangu ina ramani nyingi ambazo hakuna aliyezifungua."

Mama Robi alinunua shamba kubwa zaidi karibu na mlima, na kwa kilichobaki akachukua ploti moja upande wa pili wa senta, mbali na mashine. Ploti hiyo aliikodisha kwa Mzee Maroa, kwa masharti ambayo nasikia yalikuwa makali. Maroa aling'oa mabati yake mahindini akayahamisha. Niliwahi kupita pale na Landrova ya mkoa, nikakuta hoteli imejaa madereva wa Isebania, na maandazi bei yake imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Alikataa nilipe.

Nilikaa Kisumu, nikaenda Kakamega, nikarudi Homa Bay nikiwa Mchoraji Mkuu mwenyewe. Nilifanya kazi chini ya wakuu wengi, wapole na wakali, na mmoja aliyekuwa akilala baada ya chakula cha mchana akitutaka tuchore bila kukwaruza. Nilichora barabara, zahanati, mipaka ya vijiji vilivyogombana vizazi viwili. Nilipostaafu walinipa rula ya skeli ya pembe nyeupe na hotuba ndefu, nikalia ingawa nilikuwa nimeapa sitalia.

Siku hizi naishi juu hapa, nyumba inatazama ziwa. Watu hupata namba yangu kwa watu, wakaja na notisi za kutwaliwa ardhi. Sitozi kitu. Mwezi uliopita walikuja mume na mke kutoka upande wa Oyugis, shamba lao liko nyuma tu ya soko. Mume alikuwa ameandaa pingamizi kurasa mbili, yote ikihusu migomba. Nikaiweka kando, nikamuuliza mke, "Nawe, mama, ulikuwa umepanga nini pale?"

Akamtazama mumewe kwanza. "Shule ya chekechea," akasema. "Nimeshaongea na wazazi. Nimeshapeleka na maombi kwa watu wa mipango miji, mwaka jana, na wamenijibu."

"Hukuniambia hata siku moja!" mume akasema.

"Hukuniuliza hata siku moja."

Mwanamke akafungua mkoba, akatoa barua ile, imekunjwa vizuri ndani ya plastiki. Mume aliisoma yote, kisha akaisoma tena kwa sauti, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepata zawadi. Akauliza madarasa yatakuwa mangapi. Akauliza kama fidia ikitoka wanaweza kuijenga kwenye kile kipande cha mamake. Nilivuta karatasi safi na kalamu, wao wakaendelea kubishana barazani kwangu kama milango iwe ya buluu au nyekundu, nami nikaanza kuandika.